Sanamu za Manchester, Ukisukuma Kiti cha Magurudumu

Babu ninayemtunza ana kanuni moja kuhusu sanamu: asiyoweza kuigusa, hatusimami. Ndiyo maana Malkia Victoria pale Piccadilly Gardens, aliyekalishwa juu tangu 1901, tunampita tu tukitafuta tramu. "Mwache na njiwa wake," husema. Babu ni mzaliwa wa Manchester, mstaafu wa kiwandani, miguu imemgomea lakini mdomo haujachoka. Mimi ni mtu wa Tudor, Mombasa, na kazi yangu ni kutunza wazee. Likichomoza jua, ambalo huku ni la kuviziwa, namfunika blanketi mapajani, tunapanda basi la bure, tunazunguka katikati ya mji.

Ukisukuma kiti cha magurudumu huchukui muda kujua wakubwa gani wa shaba wanakaribisha watu na wepi wanataka watazamwe tu kwa mbali.

Alan Turing anakaribisha. Yuko Sackville Gardens, kando ya mfereji, ameketi kwenye benchi tangu 2001 na tofaa mkononi, nafasi ya mtu mwingine ikiwa wazi pembeni yake. Kiti cha Babu nakiegesha kwenye ncha ya benchi, mimi najibanza karibu na Turing, tunatoa sandwichi. Huyu ndiye bingwa wa hesabu aliyesaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili, kisha akaja Chuo Kikuu cha Manchester kushughulika na kompyuta za mwanzo kabisa. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, akaambiwa achague: jela au kutibiwa kwa homoni. Akachagua homoni. Mwaka 1954 alikutwa amekufa nyumbani kwake Wilmslow, kwa sumu ya sianidi, na karibu na kitanda palikuwa na tofaa lililoumwa. Msamaha wa kifalme ulikuja 2013. Kwetu mambo haya hayazungumzwi mezani, na sikuja hapa kufungua baraza. Lakini umtumie mtu vitani, akuokolee vijana wako, kisha umfanyie hivyo? Huo ni ukosefu wa fadhila, hata bibi yangu angelisema.

Babu yeye huvutiwa na habari nyingine. Mchongaji, Glyn Hughes, alizika kompyuta yake kuukuu aina ya Amstrad chini ya sanamu. "Miaka elfu moja ijayo wataifukua," Babu huniambia, "wataandika kitabu kizima kwamba ilikuwa ya Turing."

Lincoln yupo juu kidogo, ila Babu amemsamehe, nadhani kwa sababu ya sura. Ndiyo, Abraham Lincoln wa Marekani, ana uwanja wake hapa, Lincoln Square. Sanamu ni ya George Grey Barnard, na ilikusudiwa London. Waliomjua Lincoln walilalamika, akiwemo mwanawe mwenyewe Robert: eti ametengenezwa mchovu, nguo zimemkaa ovyo, na mikono ameiweka tumboni, hata wakamwita mzururaji anayeumwa na tumbo. London wakapewa Lincoln mwingine, nadhifu zaidi, na huyu wa tumbo akaletwa Manchester 1919. Alikaa miaka mingi katika bustani ya Platt Fields kabla ya kuhamishiwa mjini 1986. Mimi nampenda huyuhuyu. Ukimtazama kutoka chini, usawa wa Babu, viganja vinaonekana vikubwa kuliko kichwa. Viganja vya mtu aliyewahi kushika shoka.

Kilichomleta Manchester ni pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861, meli za upande wa Kaskazini zilizuia pamba ya Kusini isitoke, viwanda vya Lancashire vikasimama, watu wakalala njaa. Hata hivyo, siku ya 31 Desemba 1862, wafanyakazi walikutana Free Trade Hall wakamwandikia Lincoln kwamba wako naye dhidi ya utumwa. Aliwajibu Januari iliyofuata, na maneno ya barua hiyo yamechongwa chini ya sanamu. Nilipomsomea Babu kwa sauti ya kuguswa, akanikata: "Siyo wote. Wengine walitaka pamba yao tu." Ni kweli, kulikuwa na miji ya Lancashire iliyoshabikia Kusini. Hilo halijachongwa.

Kutoka hapo hadi St Peter's Square si mbali. Emmeline Pankhurst, mpiganiaji wa kura za wanawake, mzaliwa wa Moss Side, amesimama juu ya kiti cha jikoni akihutubia, mkono ameunyosha. Ilizinduliwa 14 Desemba 2018, miaka 100 kamili tangu wanawake wa nchi hii wapige kura katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza. Babu hushika mguu wa kiti kile na kukitikisa, kana kwamba anahakikisha mama hataanguka.

Halafu ni Peterloo, na hapa huwa sina subira. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika St Peter's Field kudai uwakilishi bungeni. Manchester nzima, na viwanda vyake vyote, haikuwa na mbunge wake. Askari wapanda farasi waliwavamia kwa mapanga. Walikufa watu 18, na wa kwanza alikuwa William Fildes, mtoto wa miaka miwili, aliyeangushwa na farasi kutoka mikononi mwa mama yake. Kumbukumbu yao, kazi ya msanii Jeremy Deller, ni kilima cha mawe cha ngazi za mviringo, chenye majina ya waliouawa na ya miji na vijiji walikotoka. Wazo ni zuri: mtu yeyote apande juu, asimame, aseme lake. Mtu yeyote! Ngazi tupu kila upande. Watu wenye ulemavu walipiga kelele kabla hata haijafunguliwa 2019, lakini ngazi zimebaki. Mchoro wa kule juu wameurudia chini, usawa wa ardhi, ili akina Babu nao wauone. Tulipofika mara ya kwanza niliudhika kuliko yeye. Babu alinyoosha shingo akatangaza kwa sauti kubwa kwamba bei ya bia ni wizi wa mchana. Vijana waliokaa ngazini wakampigia makofi.

Glade of Light, karibu na kanisa kuu, tunaenda bila mizaha. Ni ya wale 22 waliouawa kwa bomu kwenye tamasha la muziki, 22 Mei 2017. Njia ni laini, na pete ya marumaru nyeupe imelala chini kiasi kwamba majina ya shaba yanakuwa mbele ya aliyeketi. Ndani ya jiwe familia zimehifadhi vitu vya kumbukumbu, vikafungwa humo moja kwa moja. Babu hupitisha kidole kwenye herufi, jina moja, kisha la pili. Sijawahi kumharakisha.

Tukitoka huko humrudishia ucheshi kwa kumuuliza habari za B of the Bang. Mnara wa miiba 180 ya chuma, mita 56 kwenda juu, kazi ya Thomas Heatherwick, ulisimama karibu na uwanja wa Manchester City. Ncha moja ilidondoka siku chache kabla ya uzinduzi wa Januari 2005! Baadaye miiba mingine ikalegea, halmashauri ikaubomoa 2009. Uligharimu zaidi ya pauni milioni moja, na kiini chake kikauzwa chuma chakavu kwa pauni 17,000. Babu huieleza hadithi hii kama mtu anayesimulia harusi.

Mwisho ni kwangu mimi. Fuata Oxford Road, robo saa hivi kwa miguu, hadi bustani ya All Saints. Jengo la zamani la Chorlton-on-Medlock Town Hall lina kibao ukutani: hapa, Oktoba 1945, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Nkrumah alikuwepo, Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, alikuwepo, na Jomo Kenyatta alikuwepo, aliyekuwa akifanya kibarua cha shamba huko Sussex wakati wa vita. Mwaka uliofuata akarudi nyumbani. Kule KICC, jumba la mikutano la Nairobi, ana sanamu kubwa ya 1973, iliyotengenezwa na Mwingereza, James Butler. Hapa Uingereza, alipokaa akipanga mambo na wenzake, kibao tu, na wanafunzi wanakipita na kahawa zao.

Nilimpiga picha Babu mbele yake nikamtumia mjomba wangu Mombasa. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: alianza na uchaguzi wa 1963, akapitia majimbo, akafika kwenye ardhi ya Pwani, simu ikakata, akatuma mwingine. Babu anataka nimtafsirie wote.