Siku moja maishani mwangu: wakili wa kesi za nyara, Arusha

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Julai hapa Arusha inauma mpaka mifupani, nawasha jiko la gesi na wakati chai inachemka nafungua faili la leo. Kijana wa miaka 22 (nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike), alikutwa ndani ya hifadhi na mguu wa pundamilia, panga na nyaya mbili za kutegea, zile wenyewe wanaita roda. Mashtaka ni yaleyale ya kila siku, kuingia hifadhini bila kibali, kukutwa na silaha, kukutwa na nyara za serikali, yaani mnyamapori au sehemu yake yoyote. Hilo la mwisho ndo zito, kifungu cha 86 cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kifungo kinaweza kuanzia miaka 20 hadi 30. Na watu wengi hawajui kwamba thamani inapigwa kwa mnyama mzima hata kama umekutwa na kipande tu, pundamilia ni dola 1,200. Mguu mmoja, dola 1,200!

Saa 2 asubuhi niko mahakamani. Mama yake ameshafika, ametoka kijijini usiku. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akanishika mkono akauliza, "Kwani wazungu si wanawinda? Mbona wao hawafungwi?" Nikakaa naye kwenye benchi nikamweleza taratibu: wanawinda kwa leseni, kwenye vitalu vya mapori ya akiba na mapori tengefu, msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, na hata huko simba ni lazima awe ametimiza miaka 6. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna leseni ya kuwinda, awe mzungu awe mwananchi. Nikamwambia pia kwamba tangu 2020 mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa kisheria kabisa. Akasema huko kwao hakuna aliyewahi kwenda kuwaambia hayo. Nilikosa la kujibu.

Saa 4 kesi ikaitwa. Shahidi ni askari wa uhifadhi, mtu makini tu, anaeleza vizuri walivyolala porini siku tatu wakifuatilia nyayo. Sasa nyama inaoza, haiwezi kusubiri kesi miezi, kwa hiyo inapelekwa kwa hakimu, inaandikwa fomu na hakimu anaamuru iteketezwe. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu siku hiyo na aulizwe kama ana la kusema. Nikamuuliza shahidi, mshtakiwa alikuwepo? Akasita. Alikuwa mahabusu. Basi ile fomu, ambayo ndo kielelezo kikubwa cha kesi badala ya nyama yenyewe, imeyumba hapohapo, kesi ikaahirishwa.

Saa 8 mchana nakula makande na wakili mwenzangu, akaniambia wewe unatetea majangili. Hilo huwa linaniuma kwelikweli. Kati ya 2009 na 2014 nchi hii ilitoka kwenye tembo kama 109,000 mpaka kama 43,000, sijasahau na sitaki irudi tena. Ndo maana nasema ukiweka adhabu ya miaka 20 lazima na karatasi zako ziwe safi, maana fomu ileile iliyojazwa ovyo leo kwa huyu wa mguu wa pundamilia, kesho itamtoa nje yule mwenye meno ya tembo, na yule askari aliyelala porini siku tatu kazi yake imepotea bure.

Saa 10 jioni ofisini, simu ya mdogo wangu anayeendesha magari ya watalii. "Kaka, mgeni ameokota miiba ya nungunungu, anataka kuondoka nayo, si imeanguka tu yenyewe?" Nikamwambia airudishe ilipotoka sasa hivi kabla hamjatoka getini. Pembe, unyoya, mfupa, miiba, hata mnyama akiwa amekufa mwenyewe bado ni nyara ya serikali, huna hati ya umiliki una kesi.

Saa 1 usiku kwenye daladala ya kwenda Sakina, nimesimama, mkononi nina kilo mbili za maharage alizoniachia yule mama, nilikataa akakataa kukataliwa. Nikamtumia meseji tarehe ya kesi. Akajibu, "Nitakuja. Mwambie mbuzi wake amezaa."