Saa ya Babu wa Kitunda

Kosta iliondoka stendi ya Mtwara saa 12 na nusu asubuhi, nami nimebanwa dirishani na mama aliyepakata ndoo ya pweza. Mikindani tuliipita mbio, boma la Wajerumani likabaki nyuma kule kilimani. Mnazi Mmoja tukakaa mno, konda akisaka abiria wa mwisho, kisha wa mwisho kabisa. Mengine ya barabarani niliyalala.

Nilikuwa naifuata saa. Babu yangu, mdogo wake babu mzaa mama, alikuwa opereta wa redio kwenye meli za mizigo, na wiki ile alinipigia: "Macho yananigomea. Njoo uichukue kabla watoto hawajaichokonoa."

Anaishi Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Kusi ilikuwa imeshika, maji ya ghuba yanachafuka, na boti ikatulowesha hadi magotini. Nilipopiga hodi, babu alinipokea kibarazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ulivaa jaketi okozi?"

Nilivaa. Ndipo akaniruhusu kukaa.

Saa yenyewe ni ya duara, ya shaba, uso mweupe. Ajabu yake ni vipande vinne vya rangi vilivyochorwa usoni kama tikiti lililokatwa: viwili vyekundu, viwili vya kijani, kila kimoja dakika 3. Vyekundu vinaanzia dakika ya 15 na ya 45. Vya kijani vinaanzia saa kamili na nusu saa.

"Nyekundu ni ya Morse, ujumbe wa nukta na vistari, kilohezi 500," alisema. "Kijani ni ya sauti, kilohezi 2182. Enzi zetu, mshale ukiingia hapo, unanyamaza. Meli zote zinanyamaza, stesheni za pwani zinanyamaza. Mnasikiliza tu. Mwenye shida, hata betri yake iwe inakata roho, atasikika."

Dunia nzima ya mabaharia ikae kimya dakika 3, mara mbili kila saa! Mimi sijaona kikao cha ukoo kilichoweza hata dakika moja.

Nikamwambia nilidhani hayo ni mambo ya bahari kuu. Akaguna. Ziwa, alisema, lina mawimbi mafupi yanayofukuzana. Chombo hakijainuka kutoka la kwanza, la pili limefika. Akanisimulia kivuko cha Pere Marquette 18, kilichobeba mabehewa ya treni kukatisha Ziwa Michigan, Marekani, Septemba 1910. Maji yaliingia usiku, opereta akaita kwa redio, na kivuko ndugu, Pere Marquette 17, kikasikia na kuja. Zaidi ya watu 30 waliokolewa. Opereta mwenyewe alizama. Babu alimtaja kana kwamba aliwahi kupokezana naye zamu.

Nikauliza, na kwetu? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na stesheni za redio Mwanza na Bukoba, kandokando ya Ziwa Victoria. Ile ya Bukoba ilibomolewa Waingereza walipouvamia mji Juni 1915. Kwa macho yangu, ile milingoti ilisimamishwa ili wakubwa waongee na wakubwa. Mvuvi wa Ukerewe hakuwemo kwenye hesabu.

Tukafika kwenye MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na babu akatazama baharini muda mrefu. Alipoongea tena alikuwa kwenye kivuko cha MV Nyerere, ziwa lile lile. Hiyo ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kisiwa cha Ukara kikiwa kinaonekana, ikaua watu 228.

"Pale redio ingemwita nani? Watu wa nchi kavu walikuwa wanaiona. Pale palitakiwa mtu wa kuhesabu vichwa gatini, aseme basi, imejaa."

Nilishangaa kumsikia opereta akiishusha redio namna hiyo. Lakini nilipotoa simu yangu na kusema kwamba sasa kila abiria ana redio mfukoni, alinigeukia mkali.

"Simu inampigia mtu mmoja, na huenda amelala. Ukiita chaneli 16, ile ya dharura ya redio za majini, anasikia kila aliye karibu mwenye redio iliyowashwa. Hata asiyekujua."

Mfumo wa Morse uliachwa rasmi tarehe 1 Februari 1999, setilaiti zikashika kazi. Babu hana kinyongo. Anasema kitufe cha dharura cha siku hizi hakisinzii zamu. Ila saa aliendelea kuitia ufunguo kila asubuhi, miaka yote hiyo.

Tulikula wali na samaki wa nazi. Akaifunga saa kwenye kanga ya marehemu bibi, akanisindikiza hadi mchangani. "Ukifika ng'ambo nijulishe," akasema, na hakuniruhusu kupanda boti hadi alipoona nimefunga kamba za jaketi.

Upepo ulikuwa umezidi. Nahodha aliukata mwendo, nami nikaikumbatia ile saa huku nikiisikia kifuani, tik, tik, maji yakinipiga mgongoni. Lindi nilishuka, nikatafuta pakavu, nikanunua maji, ndipo nikakumbuka kupiga.

"Nimefika, babu."

"Najua. Nimekuona kwa darubini ukinunua maji. Umechelewa kuripoti dakika 4."