Matundu yenye umbo la yai

Mwezi wa Aprili mwaka 2015, kwenye uwanja wa shabaha wa klabu moja ndogo kaskazini mwa jimbo la Ohio, nilipiga risasi kumi kwa umbali wa yadi 50 nikapata alama 71 kati ya 100. Bastola ilikuwa ileile ya kaliba .45 (huo ni upana wa mtutu kwa inchi) niliyoizoea kwa miaka minne, mkono ulikuwa uleule, na asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimepiga vizuri kwa bastola ndogo ya kaliba .22. Nikapiga kumi nyingine, safari hii polepole zaidi, nikiishusha bastola mezani kila nilipoona mkono unaanza kutikisika, nikapata 74. Kwa mtu aliyezoea kupata 88 au 90, hilo lilikuwa anguko, na sikuona wa kumlaumu isipokuwa nafsi yangu.

Mashindano tuliyokuwa tukishiriki huitwa ya 2700, kwa sababu hizo ndizo alama zote zinazoweza kupatikana kwa siku nzima. Mpigaji husimama, hushika bastola kwa mkono mmoja tu, na hupiga risasi 270 katika sehemu tatu za risasi 90 kila moja. Sehemu ya kwanza ni ya kaliba .22, ya pili ni ya bastola kubwa zaidi, na ya tatu ni ya .45, lakini wengi wetu hutumia bastola ya .45 kwa sehemu zote mbili za mwisho ili kuepuka kubeba bastola ya tatu. Katika kila sehemu, risasi 30 hupigwa kwa yadi 50, kumi kwa dakika kumi, na zilizobaki hupigwa kwa yadi 25 kwa haraka: tano kwa sekunde 20, kisha tano kwa sekunde 10.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lililonitatanisha. Tulipohamia yadi 25, ambako mtu hana muda wa kufikiri, nilipata 97, kisha 95. Kama mkono wangu ndio uliokuwa umeharibika, ungewezaje kuharibika kwenye mpigo wa polepole na kupona kwenye mpigo wa haraka? Wenzangu wawili waliniambia kwa nia njema kwamba nilikuwa ninavuta kifyatuo kwa pupa kwenye yadi 50, kwa kuwa muda mwingi humpa mtu nafasi ya kuogopa. Niliwaamini. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga mazoezi ya mwezi mzima ya kuvuta kifyatuo bila risasi ndani.

Aliyekataa maelezo hayo alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga kwenye nafasi ya kulia kwangu. Nilizoea kumwita Mzee, naye alipoelezwa maana ya neno hilo na heshima iliyomo ndani yake, alilikubali, akawa ananiita mwanangu. Wakati wa kuhesabu alama, yeye ndiye aliyepangiwa kuhesabu zangu, nami za jirani. Alisimama mbele ya karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, akavua miwani, akasogeza uso karibu, kisha akapitisha ncha ya kidole cha shahada kuzunguka ukingo wa tundu moja lililokuwa kwenye duara la saba, upande wa kushoto.

“Njoo uguse hapa,” akasema.

Nikagusa. Vichwa vya risasi nilivyokuwa nikitumia vina bega kali lililochongwa nyuma ya pua, na sababu ya bega hilo ni kwamba hukata karatasi kama mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi, tundu likawa la duara safi lisilobishaniwa. Jambo hilo lina uzito wake, maana tundu linalogusa mstari hupewa alama ya duara la ndani, na kichwa chenye pua ya mviringo huchana karatasi hata ukingo ukawa wa kukisia. Tundu nililoligusa halikuwa la duara. Lilikuwa refu kidogo kwenda juu, mithili ya yai, na upande mmoja wa ukingo wake ulikuwa na alama ya kijivu iliyopakaa kidoleni mwangu. Nikatazama mengine. Manne kati ya kumi yalikuwa hivyo, na moja lilikuwa limerefuka kiasi kwamba ungeweza kuona ubavu wa kichwa kilichopita.

“Mkono una makosa mengi,” Mzee akasema, “lakini mkono hauwezi kuilaza risasi ubavu ikiwa njiani. Unatumia vichwa gani?”

Inanibidi nieleze hapa, kwa sababu Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo matatu. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu, risasi ni kile kichwa kinachoruka, na risasi ni kitu kizima chenye ganda, baruti na kichwa ndani yake. Nilipokuwa mtoto Tanga sikuhitaji kuvitenganisha. Silaha yangu ilikuwa manati, na elimu yangu yote ya vyombo virukavyo ilikuwa kuokota vijiwe vya mviringo na kuviacha vyenye pembe. Ohio nilijifunza kujaza risasi zangu mwenyewe, kama wafanyavyo karibu wote wanaoshindana kwa .45, na katika kazi hiyo kichwa hununuliwa peke yake, hupimwa peke yake, na huchaguliwa peke yake. Majira ya baridi yaliyotangulia nilikuwa nimenunua vichwa 2,000 vya uzito wa greini 200, yaani karibu gramu 13, vilivyomiminwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na madini mengine ili yawe magumu. Bei ilikuwa nzuri. Muuzaji alisifu ugumu wake, nami nikadhani kuwa kigumu ndicho bora.

Nilivijaribu pia, nikiwa nimekaa, mkono umeegemea mfuko wa mchanga, lakini kwa yadi 25 tu, kwa sababu uwanja wa ndani tunaoutumia wakati wa theluji hauna nafasi zaidi. Vilikusanyika ndani ya inchi tatu, nikaridhika. Kosa langu lilikuwa hapo, na ni kosa la hesabu nyepesi kabisa. Duara la kumi kwenye karatasi ya yadi 25 na lile la karatasi ya yadi 50 yanakaribiana mno kwa upana: yote mawili ni kama inchi 3.4, sawa na sentimita 8 na nusu. Risasi zinazotawanyika inchi tatu kwa yadi 25 zinaweza kukaa zote ndani ya kumi. Zikifika yadi 50 mtawanyiko huwa inchi sita au zaidi, na hapo hata mkono wa malaika ungepata tisa na nane. Bastola yangu ilikuwa imenificha ukweli kwa majira mazima ya baridi, nami ndiye niliyeipa mahali pa kuuficha.

Wakati wa mapumziko tulikaa nyuma ya gari lake. Nilifungua bastola, nikatoa mtutu, akaelekeza tochi ndogo upande mmoja huku mimi nikichungulia upande mwingine. Mtutu wa .45 una michirizi ndani yake inayozunguka duru moja kwa kila inchi 16, na hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa zaidi ya mara 500 kwa sekunde ili kisipinduke hewani. Michirizi yangu, mwanzoni mwa mtutu, ilikuwa imezibwa na utando wa kijivu, kama bati lililoyeyuka likaganda. Mzee hakushangaa. Akachukua kimoja cha vichwa vyangu nilivyokuwa navyo kwenye mfuko wa koti, akakikwaruza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama.

Alivyonieleza ni hivi, na baadaye niliyathibitisha yote kwa vipimo vyangu. Kichwa cha madini ya risasi kinatakiwa kizidi upana wa mtutu kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya elfu ya inchi, ili kijae kwenye michirizi na kuzuia gesi isipite. Kikiwa chembamba lakini laini, msukumo wa baruti huweza kukipanua kitakoni kikaziba. Kikiwa chembamba na kigumu, nasi tunatumia baruti kidogo kwa ajili ya shabaha ya karatasi, msukumo huo hautoshi. Gesi ya moto hupenya ubavuni, huyeyusha madini, huyabandika mtutuni, na kila risasi inayofuata hupita kwenye njia iliyoharibika zaidi. Kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchonga vyuma kiwandani, mwenye mikromita kwenye droo, niliona aibu ya kweli kwamba sikupima hata kimoja. Jumatatu nilipopima 50, sanduku lilisema inchi .452, na vingi havikufika .4505.

Lakini Mzee alinionyesha pia jambo ambalo nimelishika kuliko yote. Aligeuza kile kichwa, pua chini, kitako juu, akakizungusha polepole chini ya tochi. Ukingo wa kitako ulikuwa umemeguka sehemu moja, kipande kidogo kuliko punje ya mtama. Watu hutazama pua kwa sababu ndiyo inayotangulia, lakini kitako ndicho cha mwisho kutoka mtutuni, na gesi bado inasukuma kwa nguvu wakati huo. Ukingo ukiwa na pengo, gesi hutoka kwanza pale penye pengo na kukipiga kichwa kikumbo upande mmoja. Mmarekani Franklin Mann, aliyechapisha majaribio yake ya bunduki mwaka 1909, alikuwa akiharibu kwa makusudi pua za baadhi ya risasi na vitako vya nyingine, akakuta kwamba pua iliyoharibika haikuvuruga shabaha kwa kiasi kilichovurugwa na kitako kilichoharibika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaokesha wakipima uzito wa vichwa kwenye mizani. Tofauti ya greini moja kwa yadi 50 haionekani, pengo la kitako linaonekana.

Nilikuwa bado na risasi 90 za kupiga. Mzee hakunipa zake, na sikuthubutu kumwomba, kwa sababu risasi iliyojazwa kwa ajili ya bastola ya mtu mmoja haipigwi kwenye bastola ya mwingine. Huo ni mwiko, na ni mwiko wenye sababu. Lakini ndani ya gari langu kulikuwa na masanduku mawili ya risasi za kiwandani, mia moja kwa jumla, nilizoziweka akiba kwa ajili ya mashindano ya taifa ya Camp Perry mwezi wa Julai, kule pwani ya Ziwa Erie ambako yalianza kufanyika mwaka 1907. Vichwa vyake vilikuwa vya greini 185, vimevikwa shaba nyekundu, puani vina tundu. Tundu hilo kwetu halina kazi nyingine ila moja: ili kulipata, kiwanda huanza kukivalisha kichwa koti la shaba kutoka kitakoni na kulifunga puani, hivyo kitako hutoka kimefunikwa chote, tambarare, bila pengo. Kile kichwa cha kijeshi cha greini 230, chenye pua ya mviringo, kwa kawaida hufanywa kinyume chake, na madini hubaki wazi kitakoni.

Nilisugua mtutu kwa brashi ya shaba hadi mkono ukauma na vitambaa vikatoka visafi. Tukarudi kwenye mstari.

Hatukuruhusiwa risasi za majaribio. Kichwa chepesi na chenye kasi zaidi huondoka mtutuni kabla bastola haijainuka sana, kwa hiyo nilitarajia kugonga chini, nikapandisha kionea cha nyuma kliki mbili kwa kukisia. Risasi ya kwanza niliiona kwa darubini: nane, chini kabisa, sawasawa chini ya katikati. Tundu lilikuwa la ukubwa mmoja pande zote. Nikapandisha kliki tatu zaidi. Ya pili ikaingia kumi. Ya tatu tisa, na hiyo niliijua kabla sijatazama, kwa sababu niliuona mkono wangu ukiyumba kulia wakati kifyatuo kinakatika. Sijui kama nitaweza kueleza furaha ya kupata tisa ya namna hiyo, tisa iliyokwenda pale nilipoipeleka. Kumi za kwanza zilinipa 91, za pili 93.

Mwezi wa Mei Mzee alileta ile mashine ya chuma inayoibana bastola na kuipiga bila mkono wa mtu, tukaifunga kwenye meza ya zege. Kwa yadi 50, vichwa vyangu vigumu vilitawanyika zaidi ya inchi saba, vile vya shaba inchi mbili na robo. Vichwa 1,400 vilivyobaki niliviyeyusha nje ya nyumba, mahali penye upepo, nikavichanganya na madini laini na kuvimimina upya kwa kalibu ya .452, nikavichambua kimoja kimoja kwa kutazama kitako. Vilipopigwa kwa mashine ileile vilikaa ndani ya inchi tatu.

Julai nilikwenda Camp Perry na masanduku mawili mekundu yanayofanana. Kwenye kifuniko cha lile lenye vichwa vyangu niliandika 25 kwa kalamu nene, na kwenye lile lenye vichwa vya shaba niliandika 50.