Samora ya siku tulipowachapa Yanga

Kamwene wana Iringa! Jana jioni nilipita na baba mdogo pale Uwanja wa Samora, tukaingia ndani. Kimya. Nyasi zimekauka, kwenye kona ya goli la mbali umebaki udongo mwekundu mtupu, na vijana wawili wanapiga danadana.

Baba mdogo akanishika mkono: "Hapa hapa ndipo niliposimama." Alikuwa anaongelea Mei 2019, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, timu yetu ya Lipuli ilipowachapa Yanga 2-0. Yanga, jamani! Anasema akina mama wa karanga waliacha beseni zao wakaenda kucheza na mashabiki. Mimi nilikuwa Makambako, nikasikiliza redioni, na mpaka leo inaniuma. Fainali tukafungwa na Azam 1-0 kule Ilulu, Lindi. Mwaka uliofuata Lipuli, Wanapaluhengo wetu, wakashuka daraja.

Uwanja wenye jina la Samora Machel haustahili ukimya huu. Natamani Ligi Kuu irudi, Lipuli irudi, tubanane tena jukwaani na baridi yetu.

Mwenye picha za siku ile anitumie tafadhali, nataka nimsafishie baba mdogo moja aitundike sebuleni.