Siku moja na ubani na manemane: kutoka kinuni hadi chupani, Lamu

Saa 12:00 asubuhi. Kazi ya kinu inataka ubaridi. Msimu huu wa kaskazi, ikifika saa nne ubani umeshalainika na unang'ang'ania mchi. Ndiyo maana utomvu wa leo umelala frizani usiku kucha, ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyofungwa kisawasawa. Usisahau kifuniko: hewa ya Lamu ina unyevu mwingi, na utomvu baridi ukiachwa wazi hutoa jasho, halafu maji hayo huingia kwenye spiriti na kuitia ukungu. Toa gramu 50 kwa mara moja, twanga, mimina, funga, ndipo utoe nyingine.

Ila kwanza chambua. Toa magome, mchanga na nywele za mbuzi. Donge la manemane livunje: ndani liwe jekundu la kahawia lenye michirizi myeupe, na ulimini liwe chungu. Mizigo ya kutoka kaskazini mwa Kenya huja mara nyingi imechanganyika na hagar, utomvu wa Commiphora holtziana, ambao ni ndugu wa Commiphora myrrha. Hagar ni utomvu mzuri kwa njia yake, lakini harufu yake ni nyingine, na ikiingia bila kujulikana, manukato ya mwezi huu hayatafanana na ya mwezi uliopita.

Twanga hadi chembe za milimita mbili hivi, usifikishe unga. Unga hushikana chini ya chupa ukawa donge moja, spiriti isipenye.

Saa 2:00 asubuhi. Kuloweka. Spiriti iwe ethanoli ya asilimia 96. Ile ya buluu ya kuwashia majiko ina sumu na harufu yake haitoki kamwe. Pima kwa mizani, si kwa kikombe: gramu 20 za ubani kwa gramu 80 za spiriti. Manemane vivyo hivyo. Benzoini, utomvu mwingine wa manukato unaotoka Laos na Sumatra, inastahimili nusu kwa nusu, kwa sababu karibu yote huyeyuka.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Ubani na manemane vina vitu vitatu ndani yake: mafuta mepesi, ulimbo, na gundi. Spiriti huchukua mafuta na ulimbo, ikaiacha gundi. Maji huyeyusha gundi, yakauacha ulimbo. Kwa hiyo chembe nyeupe zinazobaki chini baada ya wiki tatu za kutikisa asubuhi na jioni si dalili kwamba umeshindwa. Ni gundi, na hata ukiongeza spiriti haiyeyuki.

Na hapa pasiwepo moto wowote. Ethanoli ya nguvu hii hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, nasi tuko juu ya hapo mchana na usiku.

Saa 4:00. Mtambo wa kukeneka, yaani wa kutoa mafuta kwa mvuke na kuupoza, uko ua wa nyuma, mbali na chumba cha spiriti. Kilo moja ya ubani hulala juu ya sahani yenye matundu, maji yakiwa chini yake. Wanaoutumbukiza majini hupata taabu mbili: gundi huumuka na kutoa povu mpaka kwenye bomba, na kinachozama huungua chini, mafuta yote yakanuka moshi mchungu. Usijaze chungu zaidi ya nusu. Maji ya chunguni yawe ya mvua, kwani ya kisima yana chumvi na huacha magaga. Kwenye pipa la kupoozea tia barafu ya wavuvi. Kinachotoka kikiwa cha moto, nusu ya harufu umeigawia hewa.

Acha mtambo uende kwa muda wa saa tano au sita, kwa sababu sehemu nzito hutoka mwisho. Mafuta ya ubani huelea mara moja. Ya manemane yana matata: uzito wake unakaribiana na wa maji, basi mengine huelea, mengine huning'inia katikati, mengine huzama. Koroga chumvi kidogo katika yale maji, mafuta yatapanda.

Saa 8:00 mchana. Baada ya adhuhuri na chakula, meza ya kuchanganya. Mchanganyiko wa gramu 10: mafuta ya ubani 2.5, ndimu 1.2, langilangi 0.3, karafuu 0.1, manemane 0.6, benzoini ya nusu kwa nusu 2.8, sandali 2.5. Ndimu iwe ya kukenekwa. Ile ya kukamuliwa baridi huifanya ngozi iungue juani, na hapa jua halina mapumziko. Kisha ongeza gramu 30 za spiriti tupu na 10 za spiriti ya ubani.

Kwa nini ubani mara mbili? Kwa sababu mafuta yake hayakai. Kila mtu hudhani utomvu ni kitu cha kudumu, lakini mafuta ya ubani yamejaa pineni, kitu chepesi kinachopaa upesi, na kwenye kipande cha karatasi hutangulia kuondoka pamoja na ndimu. Kinachobaki hadi kesho ni manemane, benzoini, sandali, na ule ulimbo wa kwenye spiriti. Usizidishe, lakini: ulimbo mwingi huziba pampu ya kupulizia na kuacha doa kwenye kanzu nyeupe.

Kwa wasiotaka spiriti, tia mafuta ya kukenekwa ndani ya mafuta tupu ya sandali na uache benzoini nje. Katika mafuta mazito haiyeyuki vizuri, hutuama chini ikawa tope.

Saa 10:00 alasiri. Wateja. Swali la mabibi ni lile lile: "Mwanangu, mbona hii hainuki kama chetezo?" Jibu ni kwamba harufu ya chetezo huzaliwa na makaa yenyewe. Ulimbo unapoungua hutoa vitu ambavyo havimo kwenye donge wala kwenye mtambo. Anayeutaka moshi na auchome, juu ya makaa yaliyofunikwa jivu jembamba.

Saa 12:00 jioni. Kuchuja spiriti zilizoiva: kwanza kitambaa cha pamba, halafu karatasi ya kahawa, huku sahani ikifunika juu. Mchanganyiko wa leo huandikwa tarehe na kukaa gizani wiki nne. Baada ya hapo utalala frizani usiku mmoja, uchujwe ungali baridi. Mafuta ya ubani yaliyobaki hujazwa kwenye chupa ndogo hadi shingoni. Pineni iliyokutana na hewa hugeuka, na ikishageuka huwasha ngozi.

Kinu huoshwa kwa spiriti kwanza, kisha maji moto na sabuni. Kimoja peke yake hakitoshi.