Nilivyopata mkono wangu kwenye video za harusi

Mi napiga video za harusi, kwetu Tanga kwanza, halafu Dar na kwingine nikiitwa, na huu ni mwaka wa tisa. Wadogo zangu wanaoanza hii kazi wananiuliza sana nilipataje staili yangu, wengine wanadhani kuna kamera fulani au kuna kozi nilisoma. Hamna. Ilinichukua miaka na ilianzia sehemu ambayo sikutegemea, uani kwa watu Ngamiani usiku wa Alhamisi, ila lazima nianze nyuma kidogo ili mnielewe.

Miaka 3 ya mwanzo nilikuwa nanakili, basi. Usiku nakesha na bando la usiku naangalia video za harusi za Italia na Marekani, gauni limetundikwa dirishani, pete imewekwa juu ya kiatu, bwana harusi anafunga saa kwa slo mosheni, droni inapaa juu ya shamba la mizabibu. Na mimi nakwenda kufanya hivyohivyo Makorora. Sasa bibi harusi wa Makorora anavalia chumbani kwa shangazi yake, dirisha lina nondo, nyuma ya nondo kuna ukuta wa jirani, chini kuna mikeka na ndoo za maji na watoto wanne wamelala. Nilikuwa nawaomba watoe kila kitu. Toeni ndoo, toeni hiyo mikeka, huyo mtoto mpelekeni nje. Nilikuwa naifuta nyumba yao ili ifanane na nyumba ya watu wengine, na wao walinikubalia kwa sababu mimi ndo fundi.

Siku moja nikafungua video zangu nne pamoja kwenye laptopu bila sauti nikaziangalia zinavyokwenda. Nilishindwa kujua hii ya nani na hii ya nani mpaka sura zitokee. Familia nne, moja ya Kidigo, moja ya Kisambaa, moja watu wa Pangani, moja wametoka Dar, na zote ni video moja imebadilishwa majina. Iliniuma sana, yani nililala nikiwaza kwamba hawa watu wamenilipa nikawauzia kumbukumbu ya mtu mwingine.

Hata ufundi nilikuwa nakopi bila kuelewa. Wale wa Marekani umeme wao ni hetzi 60, yani unazunguka mara 60 kwa sekunde na taa zinapepesa nao, wanapiga fremu (picha) 24 au 60 kwa sekunde na shata, ule muda kila picha inapokea mwanga, ya 1/60 au 1/120, na mimi nikaweka hivyohivyo, nikawa kila ukumbini napata mistari inayocheza juu ya picha na nalaumu kamera. Umeme wetu ni hetzi 50. Nilipohamia fremu 25 kwa shata 1/50, na nikitaka slo mosheni fremu 50 kwa 1/100, mistari karibu yote ikakatika (taa za bei rahisi za mapambo bado zinasumbua, hizo unacheza na shata mpaka zitulie). Ni kitu kidogo lakini hapo ndo nilianza kujiuliza ni mangapi mengine nimeyabeba ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya kwetu.

Sasa hiyo Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi, nikaambiwa nije mapema kwa sababu wanawake wanakesha kupika na kumtengeneza mwali. Wenzangu wa kiume hawaingii huko, wanabaki barazani, kwa hiyo niliingia peke yangu. Mama mwenye shughuli akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu, weye ni mwanamke mwenzetu, ingia. Lakini humu ndani watu wako vichwa wazi na madera yao. Sitaki sura ya mtu hata mmoja itoke nje." Nikamwambia sawa mama, nimekuelewa. Nikaingia na kamera yangu na sikujua kabisa nitapiga nini.

Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 ile ya 1.8 ya bei nafuu, na mwanga ulikuwa globu moja ya uani na moto wa majiko. Nikakaa mkekani pembeni. Karibu yangu alikaa bibi mmoja anachambua mchele kwenye ungo, kidole chake cha shahada kimepinda, ana pete ya fedha iliyoingia kwenye nyama haitoki tena. Anaongea na watu huku kidole kinatembea peke yake, akikuta kijiwe anakirusha kwenye kopo tupu la maziwa bila kuangalia. Ti. Anaendelea kuongea. Ti. Nikaweka kamera kwenye ile mikono nikaiacha, sikusogea labda dakika 6, na kwa mara ya kwanza nilikuwa sifikirii video ya mtu yeyote.

Baada ya hapo nikawa nafuata mikono tu. Mikono inasugua liwa kwenye jiwe kwa maji ya mawaridi, inasinga mwali kwa singo kuanzia mabega mpaka nyayo, inachora hina na anayechorwa anatetemesha mguu kwa sababu inamtekenya, mikono miwili kwenye mchi mmoja wanatwanga bizari ya pilau kwa zamu. Rekoda yangu ndogo ya sauti nikaiweka chini ya mbuzi ya kukunia nazi. Saa saba hivi akaingia kungwi, akanitazama tu, na mimi nikazima, nikatoa betri nikaiweka juu ya mkeka watu wote waione. Niliyoyasikia baada ya hapo si yangu kuyasema. Ila nakuambia ukweli, ile betri juu ya mkeka ndo iliyonipa wateja kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia, kwa sababu wale wanawake walikwenda kusema mitaani kwamba huyu mtoto anajua kuzima.

Harusi ilipoisha nikarudi nyumbani nikaediti hailaiti, ile video fupi ya matukio makuu, kwa wimbo uliokuwa unapigwa sana wakati ule kama kawaida yangu. Nikapandisha mtandaoni, haikupita saa moja sauti yote imekatwa kwa sababu ya hakimiliki. Video imekuwa bubu na dada wa bibi harusi anapiga simu kila dakika, watu Muscat wanasubiri, watu Mombasa wanasubiri. Sikuwa na hela ya kununua muziki wa leseni. Nilichokuwa nacho ni ile rekoda.

Kwa hiyo nikafuta wimbo nikaanza upya usiku uleule na hapo ndo kitu kilipotokea. Sekunde 15 za mwanzo skrini nyeusi, unasikia mchele tu unapepetwa na kile kijiwe, ti, halafu ndo mikono inatokea. Nikapanga sauti kwanza kabla ya picha, mbuzi ya nazi ikawa kama ngoma, mchi ukashika mdundo, maneno ya wale wanawake yakapita juu yake, vigelegele nikaviweka sehemu mbili tu. Sura hamna. Dakika 4 nzima huoni sura ya mtu kwa sababu nilikatazwa, unaona visigino, migongo, hina, mvuke, mpaka Jumamosi jioni mwali anatolewa nje mbele za watu, hapo inaruhusiwa, na sura ya kwanza kwenye filamu nzima ikawa ya bibi harusi. Nilipoiona hiyo sehemu mwenyewe nilinyanyuka kwenye kiti. Wala sikupanga, lile katazo la mama ndo lililopanga. Ukimnyima mtu sura dakika 4 halafu ukampa moja, anaitazama kweli.

Yule mama alinitumia voisi ndefu, nusu yake hakuweza kuongea vizuri. Alichonieleza ni kwamba ndugu yake aliyeko Muscat, ambaye hajarudi nyumbani miaka mingi, aliitambua mikono ya dada yake, yule bibi wa mchele, kwa ile pete kabla hajaambiwa ni ya nani.

Kuanzia hapo nikaanza kufanya kazi kwa makusudi. Sauti ilikuwa jambo la kwanza, nikajifunza kurekodi nakala mbili kwa wakati mmoja, yani sauti ileile mara mbili, moja kiwango cha kawaida na nyingine nimeishusha desibeli 10 au 12, kwa sababu vigelegele vikiingia ghafla vinapasua kila kitu na kikishapasuka hakirudi. Kwenye nyumba yoyote natafuta kwanza sauti mbili tatu ambazo ni za nyumba ile. Kuna nyumba ni kuku, nyingine ni adhana ya msikiti uliobanana nao ukuta, na moja ya Chumbageni ilikuwa mlango wa geti unaolia, na huo mlango ulinisaidia sana siku ile bwana harusi alipokuja kuchukua mke akazuiliwa na mashangazi mpaka alipie ufunguo, yale mabishano yote na mlango unalia katikati.

Halafu rangi. Zile luti za kununua, yani rangi zilizopangwa tayari unazibandika juu ya video, zilikuwa zinaigeuza ngozi yetu majivu, au inakuwa chungwa, nikazifuta zote. Nilikaa na kisutu cha mama yangu mezani, ile khanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikairekodi kwenye mwanga tofauti na nikawa naediti mpaka nyekundu ya kwenye skrini ifanane na ile ninayoishika mkononi na ngozi ya mkono wangu ibaki ngozi. Ilinichukua wiki. Mpaka leo ndo msingi wa rangi zangu, nyekundu nzito, nyeusi isiyofifia, nyeupe yenye joto kidogo, na ngozi naihakikisha kabla ya kitu kingine chochote.

Ugumu ulikuwa kwa kamati. Harusi zetu watu wamechanga, na mtu aliyechanga anataka kujiona amecheza akatoa zawadi, na ana haki hiyo kabisa, huwezi kumwambia mjumbe wa kamati aliyehangaika miezi mitatu kwamba wewe umeweka ungo wa mchele badala yake. Mwanzoni niligombana nao. Sasa hivi natoa vitu viwili kwenye bei moja, ndefu ya saa mbili na nusu ambayo kila mtu yumo, keki imo, zawadi zimo, hotuba ya baba haikatwi, na fupi ya dakika 8 hadi 10 ambayo ni yangu na hakuna anayenipangia. Na kwenye zile za uani natoa nakala ya ndani inayobaki kwa mama kwenye flashi, haipandishwi popote, na nakala ya nje. Hayo yote yako kwenye karatasi tunayosaini kabla. Bei nilipandisha kwa sababu siku zimekuwa mbili au tatu badala ya moja, na nilipoteza wateja, miezi kama mitano ilikuwa migumu, nilipiga hadi pasipoti saizi.

Nikadhani sasa nimeshapata. Nikaitwa Moshi. Familia ya Kichaga, wakarimu mno, siku mbili kabla ya harusi tuko kihambani, yani kwenye shamba la migomba la nyumbani kwao, wanamenya ndizi za machalari, mbege, ile pombe yao ya ndizi, imeshaiva, mbuzi zimefungwa. Na mimi nikafanya mikono. Mikono inamenya, mikono inakoroga, migongo, visigino, dakika 4 bila sura. Nikawapelekea najiamini kabisa. Mama wa bibi harusi akanipigia, kwa upole, "Dada, kazi ni nzuri, hongera. Lakini sisi mbona hatuonekani? Kwani tumekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Pale hakuna aliyenikataza sura. Watu walikuwa wamekaa wazi, wanacheka kwenye kamera, na mimi niliwaficha kwa sababu nilishaipenda mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimerudi kulekule kwenye kunakili, tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa najinakili mimi. Nikarudi kwenye mafaili ghafi siku 6, na nashukuru Mungu huwa nawasha kamera naiacha muda mrefu, nikakuta babu wa bibi harusi anapewa mbege kwenye kata aionje kabla ya wageni, anakunywa, anafumba macho, watu wote kimya wanamsubiri, anafumbua jicho moja anamtazama aliyepika, halafu anatikisa kichwa kukubali na kelele zinalipuka. Sekunde 50, sura tupu, na nilikuwa nimeitupa. Ndo ikawa mwanzo wa ile filamu. Wimbo hamna, mbege inamiminwa tu na migomba nyuma.

Tangu Moshi nimebadilisha kitu kimoja, naenda kwenye nyumba siku tatu nne kabla bila kamera, nasalimia wazee, nakaa, na swali langu la kwanza ni kipi hamtaki kionekane. Wiki hii nilikuwa Pangani kwa mama wa bwana harusi, mtoto wake wa kiume mmoja tu, anahamia mbali yeye pamoja na mkewe. Nikamuuliza. Alinyamaza kidogo akaniambia, "Sitaki watu wanione nikilia." Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu juzi. Nimeshaangalia pale mlangoni atakaposimama wakati gari linaondoka, kuna nafasi nyuma yake, naweza kuona ncha ya khanga yake na ile gari inavyokata kona ya mnazi. Jumamosi nitakuwa nyuma yake.