Tulipomfukuza Solich

Lincoln, Jumapili, 1 Desemba 2024

Tangu juzi nimejaribu kuandika juu ya mambo mengine, kwa maana juma hili halikukosa mambo: mama watoto amefaulu mtihani wake wa uuguzi baada ya miaka minne ya kusoma usiku, gari limerudi kutoka gereji, na kijana wetu mkubwa ametimiza miaka 16. Yote hayo yanastahili ukurasa wake. Lakini kila nikiketi mezani, kinachonijia ni maneno mawili aliyoyatamka Mzee jirani Ijumaa jioni huku macho yake yakiwa kwenye televisheni, na naona kwamba nisipoyaandika hayo kwanza, hakuna kingine kitakachoandikika.

Tulikuwa nyumbani kwake kutazama timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ya Chuo Kikuu cha Nebraska hapa Lincoln, ikicheza na Iowa, kama tunavyofanya kila mwaka kesho yake ya Sikukuu ya Shukrani. Mnajua jinsi msimu huu ulivyokwenda. Tulianza kwa kushinda mechi tano kati ya sita, tukapigwa 56 kwa 7 na Indiana, tukapoteza nne mfululizo, kocha Matt Rhule akamkabidhi Dana Holgorsen kazi ya kupanga mashambulizi, kisha Jumamosi ya tarehe 23 Novemba tukawafunga Wisconsin 44 kwa 25 na kupata haki ya kucheza mchezo wa baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 2016. Kwa hiyo Ijumaa tulikwenda Iowa tukiwa na moyo. Hadi mapumziko tuliongoza 10 kwa 0. Halafu wakasawazisha, halafu zikiwa zimebaki sekunde chache mpira ukamponyoka mpigaji pasi wetu, Dylan Raiola, na mpigaji wao akaupitisha kati ya milingoti kutoka yadi 53 wakati saa inakwisha. Ikawa 13 kwa 10. Mwaka jana, hapa Lincoln, walitufunga 13 kwa 10 hiyohiyo, kwa teke la mwisho kama hilo.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mzee alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, nami nikiwa kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu mkewe, kiti ambacho yeye mwenyewe aliniambia nikalie miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimekumbuka asubuhi kwamba ilikuwa tarehe 29 Novemba, na kwamba tarehe 29 Novemba 2003, siku moja tu baada ya kuwafunga Colorado, ndipo Frank Solich, kocha wetu wa wakati ule, alipofukuzwa. Nikasema, kwa upole, kama mtu anayefariji mwenzake kwa kutafuta chanzo cha ugonjwa: "Mlango huu tuliufungua sisi wenyewe, Mzee, tulipomfukuza Solich."

Akasema: "Tulipomfukuza? Wewe hukuwepo."

Kisha akaniuliza kama nataka kahawa zaidi. Nikasema hapana, ahsante, nikakaa dakika kumi nyingine kwa ajili ya adabu, nikavaa koti na kuvuka barabara kurudi kwangu.

Ni hayo tu. Nimeyarudia nikiosha vyombo, nimeyarudia kazini katika zamu mbili za usiku, nimeyageuza kwa Kiswahili nikidhani yatapoa, na hayakupoa. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu mtu akikukaripia unajua amekasirika na kesho atatulia, bali akisema jambo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja siku ya juma, unabaki kujiuliza ni muda gani amekuwa akiliwaza.

Ni kweli kwamba sikuwepo. Nilifika Lincoln Agosti 2004, nikiwa na miaka 24 na sweta moja, na vuli ile ilikuwa ya kwanza ya Bill Callahan, kocha aliyeshika nafasi ya Solich. Timu ambayo ilikuwa imecheza mchezo wa baada ya msimu kwa miaka 35 mfululizo ilimaliza ikiwa imeshinda mechi tano na kupoteza sita, msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961. Sikujua hata kidogo nilichokuwa nakitazama. Nilidhani watu walionizunguka uwanjani, wazee waliovaa mekundu kuanzia kofia hadi soksi, walikuwa wakimya kwa tabia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wamefiwa.

Huyo Solich alicheza hapa chini ya kocha Bob Devaney miaka ya 1960, akawa msaidizi wa kocha Tom Osborne kuanzia 1979, akarithi kiti mwaka 1998, na katika misimu sita alishinda mechi 58 na kupoteza 19. Mwaka wake wa mwisho alikuwa ameshinda tisa na kupoteza tatu. Kwa wengine ingekuwa furaha, lakini kwa watu waliokuwa wametoka kuona makombe matatu ya taifa ya Osborne, ya 1994, 1995 na 1997, tisa ilionekana kuwa umaskini. Baada yake wamepita Callahan, Bo Pelini, Mike Riley na Scott Frost, na wote wanne wamefukuzwa. Callahan, Pelini na Riley waliondoshwa katika juma hilihili la mwisho la Novemba, kiasi kwamba mimi nimezoea kuunganisha harufu ya bata mzinga na habari za kocha kuachishwa kazi. Pelini hakuwahi kushinda chini ya mechi tisa katika msimu wowote kati ya saba, na bado akaenda zake. Ninaamini, na nitaendelea kuamini, kwamba klabu inayomfukuza mtu wa nyumbani aliyeshinda tisa hujifundisha kutoridhika na yeyote, na kutoridhika huko hakukomi hata pale ushindi wenyewe unapokoma.

Hilo ndilo nililotaka kumwambia Mzee, na hilo ndilo lililokatwa katikati.

Katika zamu ya Ijumaa usiku nilikuwa natunga majibu. Nilitaka kumwambia kwamba mwaka 2018 nilikuwepo, Frost alipoanza kwa kupoteza mechi sita mfululizo, yeye aliyekuwa mpigaji pasi wetu wa 1997 na ambaye sote tulimpokea kama mwana aliyerudi. Nilikuwepo 2021 tulipopoteza mechi tisa, zote kwa pengo lisilofika pointi kumi, nikamsindikiza Mzee mpaka kwenye gari kila Jumamosi kwa sababu goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Agosti 2022 niliamka kuitazama mechi ya Dublin, ambapo tulikuwa tunaongoza Northwestern 28 kwa 17, Frost akaagiza teke fupi la kubahatisha ambalo hakuna aliyelihitaji, wakaudaka mpira na kutufunga 31 kwa 28. Majuma mawili baadaye Georgia Southern walitufunga 45 kwa 42 nyumbani, na Jumapili yake Frost akafukuzwa, ingawa kungojea hadi tarehe 1 Oktoba kungepunguza fidia yake kutoka dola milioni 15 hadi 7.5. Uwanja wa Memorial umeuzwa tiketi zote katika kila mchezo tangu 1962. Miaka 20 ya mwisho ya hesabu hiyo imo na tiketi yangu. Je, kuwepo kwa namna gani kunatakiwa?

Na hapo neno lenyewe likaanza kunikereketa, lile "tu" la mwanzo. Sisi tuliokulia kwenye kandanda ya nyumbani hatujawahi kuombwa hati kwa ajili ya silabi hiyo. Nimezaliwa 1980, na mpaka leo nikikaa na Watanzania nasema kwamba mwaka 1974 tulifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, na Mwana-Simba mwenzangu huitikia bila kunihesabia umri. Baba yangu hakuwa uwanjani Dar es Salaam mwaka 1993 Stella ya Abidjan ilipotunyima Kombe la CAF. Alikuwa Tanga, akisikiliza redio, lakini alisema "tumefungwa" na asile chakula cha jioni. Kwetu mtu anaipokea timu pamoja na madeni yake yote ya nyuma, kama anayeoa katika ukoo. Nilidhani na huku ni hivyo.

Nilifika hapo Jumamosi alfajiri, nikiwa naendesha kurudi nyumbani, nikiwa nimeshakata shauri kwamba mwakani nitatazama mchezo wa Iowa sebuleni kwangu. Ndipo nilipomkumbuka Mzee katika siku ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ilikuwa Aprili 2023, mchezo wa mazoezi wa majira ya kuchipua, wa kwanza wa Rhule. Solich alialikwa kurudi, baada ya karibu miaka 20, na watu walisimama kumpigia makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mzee alisimama pia, lakini mikono yake ilibaki ndani ya mifuko ya koti, na alikuwa akitazama chini, kwenye saruji iliyo kati ya viatu vyake. Wakati tunatoka nilimuuliza kama goti limeuma. Akanijibu kwamba mwaka 2003 aliandika barua kwa gazeti, akitaka kocha aondolewe, na gazeti likaichapa pamoja na jina lake. Mkewe aliikata na kuihifadhi kwa fahari. Nilimwambia kwamba wengi walifikiri hivyo wakati ule, akasema ndiyo, wengi, na tukazungumzia mahali tulipoegesha gari.

Sasa nayasoma maneno ya Ijumaa upya na siyajui tena. "Tulipomfukuza? Wewe hukuwepo." Huenda alinifungia mlango. Huenda alikuwa anasema kwamba hatia hiyo si yangu, kwamba waliomfukuza Solich ni yeye na kizazi chake, na kwamba mimi nisijitie katika "tu" ambayo yeye amekaa nayo miaka 21. Mtu huyu alikwenda uwanjani na baba yake tangu msimu wa kwanza wa Devaney. Ameniambia zaidi ya mara kumi habari za Orange Bowl, mchezo wa baada ya msimu, ya Januari 1984, Osborne alipokataa kusawazisha na Miami kwa pointi moja ya teke, akaenda kutafuta mbili, akakosa, tukapoteza 31 kwa 30 na ubingwa ukaenda. Kila mara humalizia kwa kusema kwamba hajawahi kujivunia timu yake kama usiku ule. Katika hadithi hiyo hunihesabu nami. Husema "tulienda kwa mbili", akinitazama usoni, na nilikuwa na miaka mitatu, Tanga.

Laiti ningemuuliza Ijumaa ileile, badala ya kuvaa koti.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo ningependa kuliacha lakini haliachiki. Jumamosi ya Wisconsin tiketi zilikuwa mbili, nami nilimchukua shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliyefika hapa Januari 2023, siku zilezile Rhule alipokuwa anapanga ofisi yake. Shemeji ameipenda timu hii kwa moyo wote. Aliingia uwanja ule kwa mara ya kwanza Agosti 2023, siku watu 92,003 walipojaa kutazama mpira wa wavu wa wanawake, akatoka akisema hajawahi kuona kitu kama kile. Tulipowafunga Wisconsin, baada ya kushindwa nao mara kumi mfululizo, alinikumbatia katika baridi ile akapaza sauti: "Tumerudi, shemeji! Tumerudi!" Nami nikacheka nikamwambia, "Tumerudi wapi? Wewe hukuwepo tulikotoka."

Aliishusha kofia ikamfunika masikio. Nilifikiri ni baridi.

Maneno yaleyale, siku sita kabla, kutoka kinywani mwangu, na mimi sikuwa na barua yoyote gazetini ya kuyapa maana ya huruma. Nilitaka tu aone kwamba nimekaa muda mrefu kuliko yeye. Leo baada ya ibada nilimwomba radhi, akaniambia hakumbuki, lakini alinijibu haraka mno, na mtu asiyekumbuka huuliza kwanza unazungumzia nini. Nimemwambia kwamba tutakapojua tunacheza wapi mchezo wa baada ya msimu, atatazama pamoja nami kwa Mzee, kama Mzee ataturuhusu, na kwamba nitamwomba Mzee atusimulie ya 1984 tangu mwanzo. Kuhusu Solich bado sijui kama nitathubutu kuuliza.

Taa ya sebuleni kwake inawaka sasa ninapoandika. Amekuwa akilala saa mbili tangu mkewe alipofariki, na sasa ni saa tatu. Nilitaka kuvuka, lakini nimesita kwa sababu ya simu iliyo mkononi: mama hajapokea tangu Jumatano. Dada anasema ni mtandao wa Tanga na kwamba nisijisumbue, lakini dada yuko Arusha, na mama hana desturi ya kupitisha Ijumaa bila kuniuliza nimekula nini. Huko sasa ni saa kumi na mbili asubuhi, atakuwa ameamka. Nimepiga mara mbili, inaita hadi inakatika.